Utangulizi Mrefu Darajani

9 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha alasiri ya leo, nami nimeona inafaa kuifungua shajara hii wakati mbingu nazo zinafunguka. Mtu ambaye riziki yake ni kuwaandikia wengine maombi, rufaa na malalamiko, katika chumba kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la rangi, hana budi siku moja aandike kwa ajili ya nafsi yake. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu hakuna aniwezaye kwa sentensi ndefu. Watoto huniita Bwana Taadhima. Nalichukua kama cheo.

Sababu ya kuandika ni hii. Ng'ambo ya mto, Watu wa Milimani na Watu wa Bondeni wamerejea vitani. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, anaishi huko na mumewe, kinyozi, na ana mimba ya kwanza inayotazamiwa kufika mwisho wake pamoja na mvua hizi. Daraja ni moja tu, na wanaolilinda ni askari wa Dola Kuu. Leo redio imetangaza kwamba Dola Kuu, "ikiwa na wasiwasi mkubwa", imelifunga daraja hilo "hadi pande zote mbili zitakapodhihirisha nia njema".

Nilimwambia mke wangu kwamba, tukiyaweka kando maudhui yake, hiyo ni sentensi iliyojengwa barabara.

"Imejengwa, ndiyo," akasema. "Na mwanangu wamemjengea ukuta upande wa pili."

11 Machi

Nimelimaliza ombi langu kwa Mjumbe Maalumu wa Dola Kuu, ambaye ofisi yake iko kwenye jengo la vioo karibu na posta. Kurasa nne. Wa kwanza ni salamu na pongezi. Wa pili ni historia ya uhusiano mwema. Wa tatu ni tafakuri juu ya amani. Wa nne, aya ya mwisho, ni ombi lenyewe, kwamba binti yangu aruhusiwe kuvuka akajifungulie kwetu. Ndiyo kanuni yangu tangu nianze kazi. Ombi likitangulia ni kama mgeni anayeomba maji kabla hajabisha hodi.

"Mwanangu yuko ukurasa wa ngapi?" mke wangu akauliza.

"Wa nne."

"Na hao watu wana muda wa kufika wa nne?"

Nikamjibu kwamba msomi husoma hadi mwisho. Akaenda kuanua nguo.

12 Machi

Mvua.

13 Machi

Mvua. Nimebadilisha "ninaomba" kuwa "ninathubutu kuomba".

16 Machi

Ombi limepokelewa. Karani wa dirishani ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizipima kurasa zangu kwa kiganja kama mtu anayenunua nyama.

"Mzee, hii ni barua au ni mahari?"

Nikamweleza kwamba ni ombi. Akaligonga muhuri, akasema litasomwa kwa uzito unaostahili. Nimeupenda usemi huo na nimeuweka akibani.

20 Machi

Vita vya pili vimezuka, navyo viko barazani kwangu. Wapiganaji ni mama mkwe, ambaye anaishi nasi, na dada yangu mkubwa, ambaye pia anaishi nasi. Kinachogombewa ni ile pembe ya baraza isiyovuja, ambako kila mmoja anataka kuweka jiko lake. Mama mkwe anasema yeye ndiye mkubwa kwa umri. Dada anasema hii ni nyumba ya kaka yake, wala si ya mkwe.

Nikasimama katikati na kutamka kwamba nina wasiwasi mkubwa. Kisha, ili pasiwe na manung'uniko ya upendeleo, nikampa kila mmoja gunia la makaa, kwa sharti kwamba ayatumie kwa kupikia tu, si kwa kuchochea.

Wakati huo huo redio ilikuwa ikieleza kwamba Dola Kuu imewapa Watu wa Milimani risasi za kujihami, imewapa Watu wa Bondeni malori ya kubebea hao wanaojihami, na imewapa wote wawili mablanketi. Nilifarijika kuona kwamba wakubwa nao hufikiri kama mimi.

25 Machi

Leo nitaandika kwa kirefu.

Saa ya taarifa ya habari tulikuwa wote sebuleni. Msomaji akasema: "Mwananchi mmoja mashuhuri wa upande huu wa mto, katika barua yake kwa Mjumbe Maalumu, ameipongeza Dola Kuu kwa hekima yake isiyo na kifani katika suala zima la daraja."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Ukurasa wa kwanza, aya ya pili. Mama mkwe akapiga makofi, dada yangu akanishika bega, na kwa muda mfupi baraza likawa na amani. Sitaficha kwamba nilisimama nikaiweka sawa kola ya shati. Mke wangu peke yake hakushangilia. Alikuwa anaitazama simu, nayo ikalia kana kwamba ilikuwa inasubiri atazame.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Jina hawakutaja, lakini huku nani asiyekujua kwa 'isiyo na kifani'? Ulituandikia hivyo hivyo kwenye kadi ya harusi." "Baba, unawashukuru kwa kufunga daraja?"

"Ule ulikuwa utangulizi tu, mwanangu."

"Na mimi niko wapi?"

"Ukurasa wa nne."

Nikamsikia akimweleza mumewe, "Ati niko ukurasa wa nne." Kisha akarudi kwangu. "Basi kwa taarifa yako, wateja wa kunyoa wameisha. Mkunga tuliyekuwa tukimtegemea amesema siku ikifika nikajifungulie kwa hao wenye hekima isiyo na kifani. Na zahanati ndiyo ile, askari wanalala kwenye vitanda."

Simu ikakatika, kwa mtandao au kwa hasira. Nikabaki nimeishika.

26 Machi

Mke wangu hasemi nami. Mto umepanda.

28 Machi

Nimekwenda dirishani kudai ufafanuzi.

"Mama, ombi langu limesomwa nusu."

"Siyo nusu, mzee," karani akasema. "Robo. Hapa husomwa ukurasa wa kwanza, kisha barua inagawiwa: ya pongezi inakwenda kwa watu wa redio, ya malalamiko inakwenda kabatini. Yako ni ya pongezi. Pongezi ambazo mimi binafsi sijawahi kuona."

"Lakini kiini chake kilikuwa mwishoni."

Akavaa miwani yake, akanitazama kwa huruma. "Sasa mzee wangu, umemficha mtoto nyuma ya makochi halafu unalalamika wageni hawakumwona."

Akanipa bahasha. Nimeandikishwa kuwa Rafiki wa Sera. Ndani yake mlikuwa na cheti, na juu yake akaongeza mwavuli wa buluu wenye nembo ya Dola Kuu. Nimerudi nyumbani mvuani bila kuufungua.

2 Aprili

Makaa yamekwisha kwa wote wawili, vita havijaisha. Mama mkwe amehamishia jiko lake penye mlango wa dada. Dada naye anapika vitu ambavyo havihitaji kupikwa, ili mradi moshi uende kwa mwenzake. Nikaongeza gunia kila upande.

Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini anapepea moshi kwa ufuniko wa sufuria. Haya ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile taarifa ya habari:

"Unawapa makaa wote wawili, halafu unalilia macho."

5 Aprili

Mvua. Nimeyatafakari maneno ya mke wangu tangu asubuhi. Nikiyapima, naona yangeweza kupelekwa hadi kwa Mjumbe Maalumu bila kuongezwa hata koma.

7 Aprili

Nimeandika ombi la pili. Limenigharimu kuliko yote niliyowahi kuandika, maana kila sentensi ilitaka kurefuka nami nikawa naikata kama kinyozi. Nalinakili hapa lote:

"Fungueni daraja. Binti yangu ana mimba na yuko upande wa pili. Acheni kuwapa makaa wote wawili."

Nilipomsomea mke wangu, akaiacha sindano aliyokuwa akishonea, akasema, "Sasa umeandika." Chakula cha leo nilikula cha moto.

10 Aprili

Nimetekeleza nyumbani niliyoyaandika. Nimetangaza barazani kwamba kuanzia leo sitoi hata punje ya makaa kwa upande wowote. Mabaki ya kila mmoja hayakutosha hata jiko lake, ilibidi wayachanganye. Ilipofika jioni mama mkwe na dada yangu walikuwa wamekaa pembe ile isiyovuja, jiko moja, sufuria moja, wakinisengenya kwa sauti ya kusikika.

"Mwanangu kaolewa na mtu wa roho hii?" alisema mama mkwe.

"Mama, ndivyo alivyo tangu utoto," dada akajibu.

Amani imepatikana. Mimi sikupakuliwa.

14 Aprili

Jibu limekuja, kwa karatasi nzito. Ofisi ya Mjumbe Maalumu inasikitika kunifahamisha kwamba mtu asiyejulikana, mwenye lugha kavu na isiyo ya kidiplomasia, amewasilisha barua akilitumia jina langu. Inanihakikishia kwamba barua hiyo ya kughushi imetupwa, na inaniomba, mimi niliye Rafiki wa Sera, niwe macho.

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, na bado alikuwa amekaa chini.

16 Aprili

Binti amepiga simu. Miguu imevimba. Anasema mtoto ameshageuka kichwa chini. Maji yamefunika mawe yote ya chini ya daraja. Hakuna mtumbwi unaothubutu.

18 Aprili

Karani wa dirishani amekuja mwenyewe kwenye chumba changu cha kazi, amejikinga mvua kwa faili. Mjumbe Maalumu atafika darajani siku ya tarehe ishirini na tatu kupigwa picha, kwa sababu kwao wameanza kuuliza sera hii imezaa nini. Inatakiwa hotuba ya shukrani kutoka kwa mwananchi. Wamenichagua.

Nilifungua kinywa kukataa, kwa ufupi, kama nilivyojifunza. Karani akainua kidole.

"Ngoja nikusomee ratiba, mzee. 'Kizuizi kitainuliwa hotuba ya shukrani itakapoanza, ili picha zionyeshe daraja lililo wazi. Kitashushwa hotuba itakapomalizika.'" Akavua miwani. "Itakapomalizika. Urefu wake hawakuandika. Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

22 Aprili

Tumempigia binti, naye ameelewa haraka kuliko mimi. Kurasa zangu zimejaza meza, kitanda na sehemu ya sakafu. Mke wangu, mwanamke aliyenisihi miaka yote ya ndoa yetu nifupishe, leo ananiletea karatasi.

"Mume wangu," akasema, "kesho sema kama unavyosema siku zote. Mwanao muweke ukurasa wa mwisho kabisa. Na usifike."

23 Aprili

Naandika, maana sauti sina.

Mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Katikati ya daraja palikuwa na jukwaa dogo, limesogezwa ukingoni, na nyuma yake pameachwa njia. Mjumbe Maalumu ni mtu mrefu mwenye tai nyekundu na tabasamu lililokwisha kuvaliwa tayari. Mkalimani wake ni bwana mdogo mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Waliniweka niwatazame wao, mgongo wangu ukielekea njia. Mke wangu, mama mkwe na dada walikuwa kwenye kizuizi cha upande wetu, chini ya ule mwavuli wa buluu, wote watatu.

Nikakohoa. Askari akavuta kamba, kizuizi kikapanda huku na huku.

"Mheshimiwa," nikaanza, "kabla sijasema lolote, naomba ruhusa ya kuomba ruhusa ya kusema."

Mkalimani akatafsiri. Mjumbe akaitikia kwa kichwa, kwa upole. Nikamshukuru kwa ruhusa ya kwanza, kisha nikaiomba ya pili.

Nikaishukuru Dola Kuu. Nikawashukuru waasisi wake, na wake wa waasisi, ambao historia haikuwataja lakini bila shaka walipika. Nikaisifu mito yao ambayo sijaiona, kwa kuilinganisha na huu ninaouona. Nikalishukuru daraja lenyewe, boriti kwa boriti, na mafundi waliozifunga nati zake. Nyuma yangu nikaanza kusikia kandambili, moja moja, kisha nyingi. Sikugeuka.

Mjumbe Maalumu akaona watu wanapita wakiwa na mafurushi, mikeka na kuku. Akamuuliza mkalimani jambo, naye mkalimani, aliyekuwa ameanza kuchoka, akamjibu kwa neno moja. Mjumbe akawapungia mkono. Watu wakampungia. Wapiga picha wakafurahi sana.

Kisha mkwe wangu akapita pembeni mwetu na kioo chake kikubwa cha kinyozi mgongoni. Mjumbe akajiona humo, akaiweka sawa tai yake. Nami kioo kilipogeuka upande wangu niliona ndani yake, kwa muda wa kufumba na kufumbua, njia yote iliyokuwa nyuma yangu: wazee, watoto, godoro likitembea lenyewe, na katikati yao tumbo la binti yangu likimtangulia, beseni kichwani.

Nikasikia sauti ikipita karibu na bega langu, chini chini:

"Shikamoo, Baba."

Hotuba haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Nikaitengeneza. "Na kwa salamu zote zinazotufikia kutoka kila upande," nikasema, "jibu letu ni moja: marahaba, mwanangu, marahaba."

Mkalimani akaitafsiri na hiyo. Mjumbe akaweka mkono kifuani.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha, nami niliiona karatasi ya mwisho ikinisubiri. Lakini binti hakuwa ameondoka. "Usimalize," akanong'ona. "Nyuma yangu wako wengi." Na kandambili zake zikaenda kwa mama yake.

Nikayarudia mambo yote kwa mujibu wa herufi, ili nisisahau yeyote. Mvua ikaanza. Mjumbe akafunguliwa mwavuli. Hakuna mtu mzima anayeweza kukatiza sifa zake mwenyewe mbele ya kamera. Mkalimani alikwisha acha kutafsiri, kila nilipopumua alimwambia bosi wake maneno mawili, nadhani, "Bado anashukuru."

"Mzee," akanisihi kando, "utafika lini kwenye kiini?"

"Ninakikaribia."

Askari wa kamba alimtazama ofisa wake, ofisa akaitazama ratiba, ratiba ikanyamaza. Sauti yangu ikaanza kukwaruza. Hapo akajitokeza ubavuni mwangu mama mmoja mnene na mkoba wa ngozi, akihema. Nilimkisia kwa mkoba: bila shaka ndiye mkunga yule yule.

"Ongeza kidogo, Isiyo na Kifani," akasema. "Magoti yangu si ya jana."

Nikaongeza aya juu ya magoti, na uvumilivu wao katika historia. Halafu nikamwona mke wangu akiufunga mwavuli, alama tuliyokubaliana. Njia ilikuwa tupu.

Basi nikavuta pumzi. Niliona, kwa kuwa nimesimama mbele yake, ni haki nimwambie pia ukweli. "Mheshimiwa," nikasema, "baada ya utangulizi huo mfupi, sasa nije kwenye ombi langu. Acheni kuwapa makaa..."

Mkalimani aliposikia neno "ombi" akapiga makofi. Mjumbe akapiga makofi. Wote wakapiga makofi, kwa nguvu za watu waliookolewa, na kizuizi kikashuka.

24 Aprili

Redio imesema hotuba ilikuwa "ya kina". Daraja limefungwa. Dola Kuu imetuma risasi upande mmoja na malori upande mwingine. Nyumbani tumelala watu kama samaki kwenye kopo. Mama mkwe na dada wanawapikia wote kwa jiko moja, na sasa wanamgombeza mkunga pamoja.

26 Aprili

Karani amepita. Naibu wa Mjumbe atatembelea daraja mwezi ujao, na ng'ambo bado wamebaki watu. Nimempa jibu la neno moja: nitamshukuru. Mke wangu amekwenda kununua karatasi.

1 Mei

Mvua imekatika alfajiri. Mtoto wa kike amezaliwa asubuhi hii katika chumba changu cha kazi, juu ya meza, kwa kuwa ndiyo meza pekee pana. Mkunga alipomwinua, mtoto hakutoa salamu, hakushukuru yeyote, hakutaja historia ya uhusiano wetu. Alipiga kelele moja iliyofika kwa fundi viatu.

"Mwone," mke wangu akasema, analia na kucheka. "Huyu kaanza na ombi."

Akapewa ziwa papo hapo.